Mfuko wa Safari: Tufunge Chakula Nyumbani au Tununue Njiani?

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Arusha hujaa watu wanaorudi kwao. Mabasi mengi hutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri. Abiria wa Moshi au Rombo hukaa kitini karibu siku nzima, zaidi ya kilomita 500. Wakifika, wengine wanalala kwa wazazi, wengine wanachukua chumba hotelini au gesti kwa sababu nyumba ya babu haitoshi wajukuu wote. Siku hizo zote lazima wale, na wanachokula ndicho kinachoamua kama sikukuu itawakuta mezani au zahanati.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wapo wanaoapa hawatoki nyumbani bila mfuko wa chakula, na wapo wanaoona mfuko huo ni mzigo usio na maana. Nimewapa nafasi wasemaji sita. Wote nimewabuni, ila hoja wanazozibeba nazisikia kila mwaka stendi na majumbani: Mama wa watoto watatu, Kijana mfanyabiashara, Muuguzi, Mama Lishe wa Korogwe, Mzee anayeishi na kisukari, na Mpishi wa hoteli ya Moshi. Kila mmoja ataitetea hoja yake kwa nguvu zote. Hukumu yangu naiweka mwishoni.

Mfuko au pesa mkononi?

MAMA: Mimi sipandi basi bila chakula. Basi likisimama tu, dirishani kunajaa soda, biskuti, bisi na korosho. Mtoto mmoja akililia kitu unanunua, mwenzake akiona unanunua tena. Tukifika Same pesa ya sikukuu imeshakatika na hakuna aliyeshiba. Nikifunga chakula mwenyewe najua mafuta niliyokaangia, maji niliyooshea, na mikono iliyopika. Wahenga walisema akiba haiozi.

KIJANA: Shikamoo mama. Naheshimu uchungu wako kwa watoto, lakini naomba nikuulize: usiku wa kuamkia safari unalala saa ngapi? Unakaanga kuku mpaka saa nane, saa kumi uko stendi na mtoto mgongoni. Safari ya mapumziko inaanza kwa kumchosha mtu mmoja. Na njiani chakula kipo. Chalinze kuna mananasi ya Kiwangwa, Korogwe kuna wali na maharage, Mombo kuna matunda yanayoshuka kutoka Lushoto. Wanaouza ni wenzetu wanaousubiri msimu huu mwaka mzima. Tukibeba kila kitu kutoka Dar, tunaivuka Pwani na Tanga bila kuwaachia wenyeji hata shilingi. Isitoshe, msafiri kafiri. Siku moja ya kula chochote haimuui mtu.

MAMA: Marahaba mwanangu. La kukesha umesema kweli, na dawa yake ni kugawana kazi: baba achemshe mayai, wakubwa waoshe matunda. Lakini hiyo siku moja unayoisema haipo. Kuna siku ya kwenda, siku za hotelini, kisha siku ya kurudi. Mtoto aliyekula chipsi na soda kwa siku zote hizo anarudi na tumbo lililofunga, hana hamu ya mboga.

MUUGUZI: Naomba niongeze hapo, mama. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi au zaidi, karibu vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Mtoto kiwango chake ni kidogo kuliko hicho. Soda moja Chalinze na nyingine Mombo, mtoto amempita hata mtu mzima kabla ya kufika Same.

Akiba inayooza

KIJANA: Kwa hiyo dada muuguzi uko upande wa mama?

MUUGUZI: Subiri kwanza. Mama, kwenye mfuko wako unaweka nini?

MAMA: Pilau kwenye hotipoti, kuku wa kukaanga, chapati, mayai ya kuchemsha, machungwa na maji.

MUUGUZI: Tupige hesabu. Pilau imeiva saa nne usiku. Umeifunga saa tisa usiku, mnaila saa sita mchana. Hizo ni saa 14. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kiwekwe kwenye ubaridi usiofika nyuzi 5, au kibaki cha moto kupita nyuzi 60. Hotipoti huweka joto kwa muda, kisha chakula kinakuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali inayopendwa na vijidudu. Wali una hatari yake ya pekee: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata wali ukichemka. Wali ukikaa kwenye vuguvugu mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu, na ukiupasha moto sumu inabaki palepale. Kuku naye ameshikwashikwa wakati wa kufungwa, na mikono huacha wadudu wao. Akiba ya namna hiyo, mama, inaoza. Kutapika ndani ya basi lenye watu sitini si jambo dogo, hasa kwa mtoto.

MAMA: Miaka yote tunakula hivyo na hatufi.

MUUGUZI: Wengi hupona. Lakini kila msimu wa sikukuu tunapokea watoto wanaoharisha wakiwa wametoka safarini, na wazazi wanasema ni hewa ya njiani. Ndiyo maana mfukoni nataka kuwe na pakiti mbili tatu za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi. Hiyo iwemo hata kama chakula kimesahaulika.

MZEE: Naomba na mimi niseme. Mnabishana kuhusu mfuko kama vile umeanza na mabasi. Wapagazi waliotembea kutoka Tabora mpaka Bagamoyo walikuwa na posho yao, kibaba cha nafaka kwa siku. Mabaharia wa majahazi walibeba tende na papa mkavu. Wasukuma wana michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vinakaa miezi. Wahaya wana senene wa kukaanga, na msimu wao mkubwa ni huu wa Novemba na Desemba. Angalieni vizuri: masurufu ya wazee wetu yalikuwa makavu. Pilau kwenye begi imeletwa na hotipoti.

MAMA: Shikamoo baba. Hapo umenigusa. Kwa hiyo kosa langu si kufunga chakula, ni aina ya chakula ninachofunga?

MZEE: Marahaba binti yangu. Ndivyo ninavyoona.

MUUGUZI: Nami naona hivyohivyo. Beba vikavu na vyenye maganda yake: karanga za kukaanga, korosho, matobolwa, tende, ndizi mbivu, machungwa, parachichi, karoti na matango yaliyooshwa. Chapati au mkate wa unga usiokobolewa, upakwe siagi ya karanga. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake, yachemshwe muda wa kuondoka, yaliwe kabla ya Chalinze. Baada ya hapo, la. Ila nina maonyo mawili kuhusu karanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye uchungu zitupwe, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, si jambo la hadithi. La pili, mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima ndani ya gari linalotikisika, inaweza kumpalia. Huyo mpe siagi yake kwenye mkate. Na mtoto wa chini ya miezi sita hana chake mfukoni: maziwa ya mama peke yake yanamtosha, hata maji hayahitaji.

Sauti ya anayepika njiani

MAMA LISHE: Nimesikiliza kwa muda mrefu, sasa na mimi nijitetee. Mnaposema chakula cha njiani ni kibaya mnatuweka wote kapu moja. Mimi nawasha jiko saa tisa usiku. Wali wangu unatoka jikoni unafuka moshi, maharage yanachemka, mchicha naukata asubuhi. Anayekula kwangu saa sita anakula kilichoiva saa tano. Pilau ya mama, kwa hesabu ya dada muuguzi, ina saa 14. Nani mwenye chakula salama hapo?

MUUGUZI: Wewe, mama, kama maji yako ni safi na sahani hazioshwi kwenye beseni moja tangu asubuhi. Kinachotoka jikoni kikiwa moto ndicho chakula salama kuliko vyote barabarani. Shida ni vile vilivyokaangwa mapema vikapangwa kabatini kwenye kioo: chipsi zilizopoa, kuku anayerudishwa kwenye mafuta mara ya pili, kachumbari iliyokatwa tangu alfajiri. Na matunda yaliyomenywa yakafungwa vipande vipande. Nanasi linunuliwe zima, ukalimenye mwenyewe kwa kisu ulichokiosha.

MAMA LISHE: Hayo nakubali. Lakini mjue kinachowafanya abiria wale vile vya kabatini. Basi linasimama, kondakta anapiga kelele, "Dakika kumi, dakika kumi!" Katika dakika hizo mtu achimbe dawa, anawe, apange foleni, ale. Wali na maharage hauwezi kuliwa kwa amani namna hiyo. Anachukua chipsi mayai kwenye kifuko, anakimbia. Mimi mwenye chakula cha heshima nabaki na masufuria yangu. Kama mnataka watu wale vizuri, mwambieni mwenye basi asimame nusu saa, tena mahali penye choo na maji ya bomba.

KIJANA: Hapo ndipo penye mzizi wa maneno. Na kuna jambo lingine: abiria wengi hawanywi maji kabisa kwa kuogopa kuomba gari lisimame.

MUUGUZI: Hilo linanisikitisha kuliko soda. Wajawazito wanabana kiu na haja siku nzima, wanashuka wakiwa na maumivu ya kichwa, wengine wanaishia na maambukizi ya njia ya mkojo. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu nako kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Maji yanywewe kidogo kidogo, njia nzima. Kumwomba dereva asimame ni haki ya abiria, hakuna aibu. Na sabuni ibebwe. Vile vitakasa mikono havifanyi kazi vizuri mikono ikiwa na mafuta au uchafu.

Asiye na hiari

MZEE: Kijana alisema siku moja haimuui mtu. Mimi nina kisukari, natumia insulini. Gari likiharibika Segera saa tatu, kwangu si usumbufu tu. Nimeshachoma dawa, chakula hakipo, sukari inashuka. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka, maneno yanapotea. Watu wanadhani mzee amelewa.

KIJANA: Nisamehe mzee wangu. Sikuwa nimewafikiria watu wa hali yako.

MZEE: Huna kosa, ndiyo maana tunazungumza. Mfuko wangu una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya dharura: vijiko vitatu au vinne vya sukari, au chupa ndogo ya soda ya kawaida. Sukari ikishuka, nusu kikombe cha soda ile kinanirudisha. Ya pili ni chakula cha kawaida: karanga, ndizi isiyoiva sana, chapati ya unga usiokobolewa. Insulini naibeba mkononi. Siiweki kwenye buti la basi, siiachi dirishani kwenye jua.

MUUGUZI: Umefundishwa vizuri, mzee. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, mgonjwa apate gramu 15 za sukari, asubiri dakika 15, apime tena. Kwa mtu huyu mfuko wa chakula ni sehemu ya matibabu. Mwenye presha naye afikiriwe: chumvi kwa siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja kidogo, na chipsi, soseji na supu za pakiti zinakimaliza kiasi hicho haraka.

Hotelini, kwenye mlango wa chumba

MPISHI: Mimi nawapokea watu hao wakifika Moshi. Wanaingia na vikapu, wanakuta tangazo mapokezi: chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Wanakasirika. Naomba mtuelewe. Mgeni akiharisha usiku hakumbuki pilau aliyoiacha juu ya kabati. Analilalamikia jiko letu. Makombo yanaleta mende na panya. Na wapo wanaoingiza jiko la gesi chumbani, chini ya pazia. Nyumba inaweza kuungua na watu ndani.

MAMA: Jiko chumbani hata mimi silikubali. Lakini asubuhi mnatupa nini? Mkate mweupe, soseji, juisi ya unga na chai yenye sukari. Mtoto wangu wa mwaka mmoja ale nini hapo?

MPISHI: Ni kweli wengi tunaweka hivyo, na sababu ni kwamba wageni hawasemi wanachotaka. Uko Moshi, mama! Jikoni kwangu kuna ndizi, maharage, parachichi, maziwa. Naweza kukupikia mtori, naweza kukupikia kiburu. Uji wa ulezi kwa mtoto ni kazi ya muda mfupi, na nitakujazia kwenye chupa yako ya chai. Ila niambie jioni, si saa mbili asubuhi nikiwa na watu arobaini mezani. Na kabla hujalipia chumba, piga simu uulize: kuna mgonjwa wa kisukari, kuna mtoto mchanga, mtatusaidiaje? Hoteli inayojibu vizuri kwenye simu itakupokea vizuri.

MUUGUZI: Na friji ndogo ya chumbani?

MPISHI: Msiitegemee. Nyingi zinapoza soda tu, hazifiki ubaridi wa kuhifadhia nyama iliyopikwa. Tena kwenye hoteli nyingi ukichomoa kadi pale mlangoni umeme wa chumba chote unakatika. Mnatoka kutembea saa sita nzima, friji imezimwa. Mwenye insulini aje mapokezi, aombe ihifadhiwe kwenye friji yetu, ila isigandishwe. Matunda mazima, karanga na maji hatumzuii mtu.

KIJANA: Na wale wanaofikia nyumbani kwa wazazi? Mtu anaingia kwa mama mkwe na hotipoti yake?

MZEE: Hapana. Mfuko wa safari unaishia mlangoni. Ukifika, utakula kilichopikwa kwa ajili yako, hata kama ni kijiko kimoja. Kilichobaki mfukoni, kama ni kizima, wape watoto wa nyumba. Mwenye masharti ya daktari amweleze mwenyeji mapema, kwa adabu. Hakuna mzazi atakayempikia mwanawe chakula cha kumdhuru akijua.

Hukumu

Nimewasikiliza wote, nami natoa hukumu bila kuuma maneno. Mama ameshinda katika jambo la msingi: chakula cha safari kifungwe nyumbani. Familia yenye mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa haina ruhusa ya kutegemea bahati barabarani. Gari linaweza kuharibika, na njaa ya mtoto haisubiri fundi.

Lakini Muuguzi na Mzee wameshinda kuhusu kinachofungwa. Pilau, kuku na nyama vibaki nyumbani. Mfuko uwe na vikavu, vyenye maganda, na vya kuliwa mapema. Uwe na maji, sabuni, kisu kilichooshwa na pakiti za ORS. Uwe kikapu au vyombo vyenye mifuniko, maana mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na maganda yasitupwe dirishani. Mfuko wa namna hii una faida nyingine aliyoidai Kijana: haumfanyi mtu akeshe. Karanga na matobolwa hufungwa siku tatu kabla, matunda huoshwa na watoto jioni, mayai huchemshwa na baba alfajiri.

Mama Lishe naye anastahili haki yake. Mlo mmoja wa moto kwa siku ununuliwe kwa mpishi ambaye chakula chake kinatoka jikoni kinafuka moshi, na wali uje na maharage na mboga. Pesa hiyo inabaki Korogwe, na mwili unapata kile ambacho kikapu hakiwezi kuubebea salama. Hotelini, mdomo ufanye kazi kabla ya pochi: uliza, omba, eleza mapema.

Kwa wenye mabasi nina ombi moja, na naliomba kwa niaba ya kila abiria atakayepanda gari mwezi huu. Simameni nusu saa, mahali penye choo safi, maji ya bomba na chakula cha moto. Abiria amelipa nauli ya kufika salama, na usalama huo unahesabu tumbo lake pia.

Na wewe msomaji unayefunga mizigo wiki hii, toa hotipoti kwenye begi, weka karanga, matunda na maji. Kisha mpigie simu mpishi wa huko uendako.